Hewa ya Saa 72: Msako wa Nyambizi Nanggala

Siku ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 2021, wakuu wa jeshi la Indonesia walikutana na waandishi wa habari katika kisiwa cha Bali wakawaonyesha vitu vichache vilivyookotwa juu ya maji. Palikuwa na kipande cha chombo cha kupitishia topido, chupa ya grisi ya kupakia periskopu, na vipande vya miswala. Vitu hivyo hukaa ndani ya nyambizi, na nyambizi ni chuma kilichozibwa kila upande. Mswala hautoki humo ukaelea baharini ila chuma kiwe kimepasuka.

Kwa siku tatu kabla ya hapo dunia ilikuwa ikihesabu saa. Nyambizi hiyo, KRI Nanggala 402, ilipotea ikiwa na watu 53, na wakuu walikuwa wamesema kwamba ikiwa umeme wake haukuzimika, hewa iliyokuwamo ingewatosha kwa saa 72. Hesabu hiyo ilikwisha saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi ile ile. Vitu vilipoonyeshwa, hewa ilikuwa imekwisha kwa hesabu, na miswala ikaeleza yaliyosalia.

Hebu turudi nyuma kidogo. Jumatano tarehe 21 Aprili ilikuwa mwezi 9 Ramadhani, mwaka 1442 wa Hijria. Kiasi cha saa 9 usiku, wakati nyumba za Waislamu katika kisiwa cha Java zimo katika daku, Nanggala iliomba ruhusa ya kuzama kwa mazoezi ya kutupa topido, ikapewa. Yapata saa 10 na dakika 25, ulipofika wakati wa kuipa amri ya kutupa, iliitwa na haikujibu. Kulipokucha, ndege iliyotumwa kutazama iliona mafuta yametanda juu ya maji. Mahali penyewe ni kiasi cha kilomita 95 kaskazini ya Bali. Nahodha alikuwa Luteni Kanali Heri Oktavian.

Chombo hicho kilikuwa mzee. Kiliundwa Kiel, Ujerumani, kikaingia kazini mwaka 1981, na kikapelekwa Korea ya Kusini kutengenezwa upya, kazi iliyomalizika mwaka 2012. Kiliundwa kwenda chini kiasi cha mita 250. Bahari ya pale ilipopotelea ina kina cha mita 700 na zaidi. Msomaji ashike hesabu hizi mbili, kwani ndizo zinazoeleza kila kitu kilichofuata.

Sasa nyambizi ikipotea, nani huitwa? Swali hili si jepesi kama linavyoonekana. Manowari nyingine hujionyesha. Hupandisha bendera na kupiga mizinga ya salamu bandarini. Nyambizi kazi yake ni kujificha. Serikali inayoinunua hulipa fedha nyingi ili jirani asijue ilipo, inakwenda upesi namna gani, wala inatoa sauti gani. Kisha siku moja chombo kile kile kilichoundwa kisionekane kinatakiwa kionekane, tena kwa haraka, na wenye vyombo vya kukitafutia ni wale wale waliokuwa wakifichwa. Kuita msaada ni kufungua sanduku la siri mbele ya jirani, na wako wakuu wa majeshi ambao mioyo yao imekuwa mizito mno kufanya hivyo.

Mfano mkubwa ni Kursk. Nyambizi hiyo ya Urusi ililipuka tarehe 12 Agosti 2000 katika Bahari ya Barents ikiwa na watu 118, ikalala katika kina cha mita 108 tu. Norwei na Uingereza zilijitolea kusaidia. Warusi walisema wanaweza wenyewe. Wakajaribu, wakashindwa, na hawakukubali msaada ila tarehe 16. Wazamiaji wa Norwei wakaufungua mlango wa dharura tarehe 21, wakakuta maji. Baadaye ilijulikana kwamba watu 23 hawakufa katika milipuko ile, bali walikusanyika katika chumba cha nyuma kabisa, na mmoja wao, afisa kijana, aliandika majina ya wenziwe gizani. Wachunguzi wa Kirusi walisema hawakuishi hata siku moja. Basi yamkini hata Wanorwei wangeitwa saa ya kwanza wasingewahi. Lakini wake na mama zao hawakujua hayo. Wao walichoona ni siku zinapita huku wakubwa wanabadilisha maneno. Mama mmoja alisimama mkutanoni akimkaripia naibu waziri mkuu, akadungwa sindano ya kumtuliza mbele ya kamera, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima.

Aibu ile ilizaa jambo la maana. Mwaka 2003 iliundwa ofisi ya mataifa ya kushughulikia nyambizi zilizopata ajali: nchi ikipatwa hutoa taarifa hapo, na zile zenye vyombo vya kuokolea hujibu zina nini na zinaweza kufika lini. Na Warusi wenyewe walijifunza. Agosti 2005 nyambizi yao ndogo, AS-28, ilinaswa na nyavu na kamba katika maji ya Kamchatka, kina cha mita 190 hivi, ikiwa na watu 7. Safari hii waliita. Waingereza wakapakia roboti yao ya chini ya maji katika ndege, wakairusha hadi upande wa pili wa dunia, ikakata zile kamba, na wote 7 wakatoka hai. Hao ni watu saba walionusurika kwa sababu mkubwa fulani alimeza kiburi chake.

Indonesia ilifuata njia ya pili. Siku ile ile ya Jumatano ilitoa habari. Singapore, ambayo ina mapatano nayo ya kuokoana tangu mwaka 2012, iliing'oa nanga meli yake Swift Rescue mchana ule ule. Malaysia ikatuma Mega Bakti, Australia ikatuma manowari mbili, Marekani ikatuma ndege ya kusaka nyambizi, na India ikaondosha meli yenye nyambizi ndogo ya uokoaji kutoka bandari ya Visakhapatnam. Katika jambo hili wakubwa wa Jakarta wanastahili sifa, nami nawapa.

Hata hivyo sifa hiyo isitufumbe macho. Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, ilikuwa na nyambizi 5, na haikuwa na meli yake yenyewe ya kuwatoa watu katika nyambizi iliyozama. Mwenye kumiliki chombo cha kuzama bila ya chombo cha kuzamulia ameweka roho za watu wake katika mwendo wa meli ya jirani. Na meli ni meli. Kutoka Singapore hadi maji ya Bali ni safari ya siku, na kutoka Visakhapatnam ni ya siku nyingi. Hewa ya saa 72 haingoji.

Sisi wa Mombasa tusiende mbali kutafuta kipimo cha jambo hili. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kivuko cha Likoni likiwa na mama na mwanawe mdogo. Mahali pa kuanguka palijulikana, watu waliona kwa macho, ng'ambo zote mbili zinaonana. Pamoja na hayo, wanamaji wetu na wazamiaji waliotoka hata Afrika Kusini hawakulitoa gari lile ila tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha kama mita 58. Kila aliyekuwa akivuka siku zile anakumbuka watu waliosimama ufukoni wakitazama maji, hawaondoki. Basi chukua mita 58 za Likoni, uzizidishe mara 14 na zaidi, uondoe na macho ya walioona, ndipo utajua walikuwa wakitafuta nini kaskazini ya Bali.

Nanggala ilionekana Jumapili tarehe 25 Aprili. Vyombo vya kupima mwangwi vilikuwa vimeonyesha kitu, na roboti ya Swift Rescue ikashuka ikapiga picha. Ilikuwa katika kina cha mita 838, imevunjika vipande vitatu. Katika kina hicho maji hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa zaidi ya kilo 80. Chuma kilichoundwa kwa mita 250 hakihimili hayo. Husagika, tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wanamaji walieleza kwamba yamkini mawimbi makubwa ya ndani ya bahari, ambayo hayaonekani juu na ambayo maji ya Bali na Lombok yanajulikana kuwa nayo, yaliivuta nyambizi chini. Walikataa kwamba ni kosa la mabaharia. Lakini waziri wa ulinzi mwenyewe, Prabowo Subianto, wakati msako ungali unaendelea, alisema zana nyingi za nchi zimezeeka na hazina budi kubadilishwa. Mtu akisema hivyo huku chombo cha miaka 40 hakijulikani kilipo, msikilizaji hana haja ya mkalimani.

Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi wale watu 53 hawakuvuta hewa ya saa 72. Yaelekea walikwisha tangulia Jumatano ile ile, kabla hata habari haijatangazwa, nasi tuliokuwa tukihesabu Alhamisi na Ijumaa tulikuwa tukihesabu hewa isiyo na mvutaji. Jambo hili ni chungu lakini lina faraja yake ndogo: hawakukaa gizani wakingoja kama wale wa Kursk.

Je, ulikuwa na faida gani basi msako wote ule? Jibu hatulipati Bali, tunalipata Ajentina.

Tarehe 15 Novemba 2017 nyambizi San Juan ya nchi hiyo ilipotea ikirudi kutoka Ushuaia kwenda kituo chake cha Mar del Plata, ikiwa na watu 44, mmoja wao mwanamke, Eliana Krawczyk, afisa wa kwanza wa kike wa nyambizi nchini humo. Maji yalikuwa yameingia kwa bomba la kuvutia hewa yakafika kwenye betri. Nchi nyingi zilikuja kutafuta. Jamaa walijaa pale kituoni, wakitundika mabango na tasbihi za Kikatoliki kwenye ua wa waya. Kwanza wakaambiwa kuna simu za setilaiti zilizojaribu kupigwa kutoka nyambizini. Kisha wakaambiwa sizo. Wakaambiwa kuna sauti za kugonga chuma; kisha wakaambiwa si za San Juan. Siku nane baada ya kupotea ndipo wakaambiwa lililo kweli. Shirika la Vienna linalolinda mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia lina masikio yake chini ya bahari, na mawili kati ya hayo, moja kisiwani Ascension katika Atlantiki na jingine visiwani Crozet, kusini kabisa mwa Bahari yetu ya Hindi, yalikuwa yamesikia kishindo asubuhi ile ile, kiasi cha saa tatu baada ya salamu za mwisho.

Mwisho wa Novemba serikali ilitangaza kwamba haitafuti tena watu walio hai. Lakini kishindo si kaburi. Jamaa hawakukubali. Mwaka 2018 walipiga kambi katika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, mbele ya nyumba ya serikali, kwenye baridi, mpaka ikaajiriwa kampuni ya kigeni, Ocean Infinity, kwa sharti la kulipwa ikiona tu. Iliiona San Juan katikati ya Novemba 2018, mwaka mmoja na siku chache tangu kupotea, kina cha mita 907. Meli hiyo hiyo, mwaka uliofuata, iliiona Minerve ya Ufaransa iliyopotea karibu na Toulon mwaka 1968 na watu 52. Watoto waliokuwa matumboni mwaka ule walikuwa na umri wa miaka 51 walipoambiwa baba yuko wapi.

Hapa ndipo msomaji wa pwani ataelewa upesi kuliko wengine, kwa sababu watu wa baharini na wanavyuoni wetu walilijua jambo hili kabla ya kuundwa nyambizi. Mtu aliyesafiri na jahazi, jahazi lisirudi, wala isije habari ya kifo wala ya uhai, katika sheria ana jina lake: mafqudi. Si maiti, si hai. Mkewe hakai eda kwa kuwa hajafiwa, wala haolewi kwa kuwa ana mume. Mali yake hairithiwi. Wanafiqhi walihitilafiana: wako waliofuata hukumu ya Sayyidna Umar, kwamba mke angoje miaka minne kisha akae eda ya kufiwa, na wako, wengi wao katika madhehebu yetu ya Shafi, waliosema asubiri mpaka kifo kiyakinike au kadhi ahukumu kwa dalili zenye nguvu. Shabaha yao wote ni moja, kumtoa mwanadamu katika hali ya kutojua. Na watu wa Java ni Mashafi kama sisi. Mlango huu wa mafqudi waliusoma katika vitabu vile vile.

Kwa hiyo roboti ile iliposhuka mita 838 ikapiga picha, haikuokoa mtu. Ilitoa ushahidi. Ilimtoa mwanamke mmoja huko Surabaya au Sidoarjo katika hali ya mke wa mafqudi ikamtia katika hali ya mjane, siku ya nne, badala ya mwaka mmoja kama Mar del Plata au miaka 51 kama Toulon. Mimi naona hilo peke yake linatosha kulipia mafuta ya meli zote zilizokwenda, na naona pia kwamba nchi inayochelewa kuita kwa kulinda siri zake huwanyima wafiwa haki hiyo hata kama haina tena wa kumwokoa.

Misikitini Indonesia iliswaliwa swala ya ghaibu, ile ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alimswalia Najashi wa Habasha aliyekufa mbali. Si wote 53 waliokuwa Waislamu, na makanisa nayo yaliomba. Kwa walio Waislamu, hadithi inayomhesabu aliyekufa kwa maji miongoni mwa mashahidi inajulikana kwa kila mtoto wa madrasa, na imewafariji wengi pande hizi zetu pia. Zikatoka vilevile picha za mabaharia wenyewe, zilizochukuliwa majuma kabla, wamekaa ndani ya nyambizi, mmoja na gitaa, wanaimba wimbo wa vijana uitwao "Sampai Jumpa", maana yake tutaonana tena. Wanamaji walieleza kuwa walikuwa wakimuaga mkubwa wao aliyehamishwa kazi. Rais Joko Widodo aliwatembelea jamaa tarehe 29 Aprili, akaahidi nyumba, na masomo ya watoto hadi chuo kikuu, na marehemu wote wakapandishwa vyeo. Siku ya pili yake jamaa walipelekwa kwa meli ya hospitali wakamwaga maua baharini.

Likabaki swali la kukitoa chombo. Hapa wakaja Wachina, na meli tatu, moja yao yenye nyambizi ya utafiti inayoshuka chini sana. Walifanya kazi mwezi mzima wa Mei, wakatoa baadhi ya vifaa yakiwemo maboti ya kuokolea, na tarehe 2 Juni 2021 kazi ikasimamishwa. Mwili wa nyambizi haukutolewa. Walikuja kwa wema, na gharama ilikuwa yao. Lakini mlango wa Lombok, ulio jirani na hapo, ni mmoja wa milango michache yenye kina ambayo nyambizi zaweza kupita kutoka bahari za China kuingia Bahari ya Hindi, na Wamarekani, Waaustralia, Wahindi na Wachina wote wana haja ya kuijua sakafu yake. Miezi minne tu kabla, mvuvi mmoja wa Indonesia aliokota karibu na Sulawesi chombo cha kupimia bahari kisicho na mtu, nacho wachambuzi wengi walidhani kuwa cha Wachina. Mtu akija kukusaidia kuchimba kaburi hawezi kufumba macho asiuone ua wako. Indonesia ilijua hayo, na bado ilimkaribisha kila mmoja, na iliwashukuru wote kwa majina. Nadhani ilikuwa sawa. Ramani ya sakafu ya bahari hupatikana kwa njia nyingi.

Tukihesabu kifo chao kuwa ni ile Jumatano, basi eda ya wajane, miezi minne na siku kumi, ilimalizika mwezi 19 Muharram 1443, mwisho wa Agosti 2021. Meli za kigeni zilikuwa zimekwisha ondoka. Nanggala ilikuwa pale pale chini, na walio ndani yake hawakuoshwa wala kuvishwa sanda.